Foleni ya Duka la Ushirika

Ilikuwa Jumatano, tarehe sita Novemba, saa saba kamili mchana, na mvua nyembamba iliyoanza alfajiri ilikuwa bado inaushukia mji wa Skelbeck bila haraka, kama mtu anayenyunyizia nguo maji kabla ya kuzipiga pasi. Noreen Haigh aligeuza ufunguo mara mbili kwa ndani, akashusha pazia la mlango, akamngoja mumewe avue kofia. Ndipo aliponusa kahawa.

Haikuwa ile ya kopo ambayo Beverley, msimamizi wa duka, huikoroga kila asubuhi katika kikombe kisichooshwa. Hii ilikuwa kahawa inayosagwa papo hapo, buni zikiwa bado na moto wa kikaango, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine: jibini, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na unga wa mbao unaomwagwa sakafuni ili kunyonya maji ya viatu. Duka lenyewe lilikuwa la hisani. Liliuza nguo zilizovaliwa, vitabu vilivyosomwa na vyombo vya watu waliokwisha kufa, na siku zote lilinuka makabati ya wengine, basi.

"Unanusa, Cliff?"

"Ninuse nini?" Clifford alitabasamu. Kisha akaugeukia ukuta wa nyuma, ambako palikuwa na makoti ya wanawake tu, akainamisha kichwa kwa adabu na kusema, "Asante, dada."

Noreen alimgeuza kwa bega. Kwenye mdomo wa chini wa mumewe palikuwa na punje za biskuti.

"Nani kakupa biskuti?"

"Huyo dada. Zile zilizovunjika. Watoto huwa hawalipi."

Clifford alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Alikuwa fundi wa mabasi ya manispaa hadi alipostaafu, na akili yake ilikuwa ikimtoka polepole tangu mwaka uliopita. Muuguzi wa kliniki ya kumbukumbu, binti mpole mwenye miwani mikubwa, alimshauri Noreen wazi kabisa: mzungumzishe habari za zamani, mpeleke mahali alipopajua utotoni, kwa maana huko ndiko mizizi iliko. Noreen, aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini, alilifuata shauri hilo kama anavyofuata kila kitu, kwa utaratibu.

Bahati ilikuwa upande wake, au hivyo ndivyo alivyodhani. Duka la hisani alikojitolea kuhudumu lilikuwa ndani ya jengo la Ushirika wa Skelbeck, lile la mawe meusi lenye mzinga wa nyuki uliochongwa juu ya mlango. Ushirika ulikufa zamani. Baada yake likaja duka la fanicha, kisha la bidhaa za pauni moja, kisha vumbi. Ila Jumatano ilibaki Jumatano. Zamani mji mzima ulifunga saa saba mchana siku hiyo ili wenye maduka wapumzike, na duka la hisani, kwa kukosa watu wa kutosha, lilifunga vivyo hivyo. Noreen alikuwa na ufunguo. Beverley alijua, na hakukosa neno.

"Haya, maharusi wangu," alikuwa akisema anapovaa koti lake. "Msinichafulie makochi. Na wewe Cliff, mikono mfukoni, nakujua."

"Mikono yangu haina akili tena, Bev," alijibu Clifford. "Ikifanya jambo, mlaumu daktari."

Wakishabaki peke yao, walianza mchezo wao. Waliutembea mtaa wa Northgate kwa maneno, kutoka chini kwenda juu, jinsi ulivyokuwa walipokuwa watoto. Mchinjaji aliyetundika sungura dirishani wakiwa na manyoya yao. Duka la viatu lililokuwa na mashine ya kuangalia mifupa ya miguu. Mama wa nyuzi za kufumia, asiyependa watoto. Sinema. Hivi sasa palikuwa na kinyozi wa Kikurdi, duka la sigara za mvuke, la kamari, milango mitano ya bati na uwanja wa kuegesha magari, lakini Clifford hakuwahi kukosea hata jina moja. Na walipofika Ushirika, Noreen alisimama nyuma ya meza ya kukunjia nguo, akafunga kitambaa kiunoni, akauliza kwa sauti ya wauzaji wa enzi zile, "Namba ya mama, mpenzi?"

Kwa maana kila mwanachama wa Ushirika alikuwa na namba. Ukinunua hata kiberiti ulitaja namba, karani akaandika, na kila nusu mwaka gawio, sehemu yenu ya faida, likarudi nyumbani. Akina mama waliwatuma watoto dukani, na watoto wa Skelbeck waliijua namba hiyo kabla ya kujua kuandika majina yao. Hakuna aliyewahi kuisahau. Clifford, ambaye hakujua kama amekula, aliitaja ya mama yake bila kupumua, na uso wake ukawa na nuru kiasi kwamba Noreen alilazimika kutazama kando.

Yeye mwenyewe hakuitaja ya kwao. Mama yake Noreen alifariki Noreen akiwa na umri wa miaka saba. Picha ziliungua pamoja na nyumba ya shangazi. Kilichobaki ni asubuhi moja ya Jumamosi ndani ya duka hilo hilo: mkono ndani ya glavu, kofia ya kijani, sauti ikiitaja namba, na uso unaoinama kumtazama. Alikihifadhi kitu hicho kama yai, na hakukitumia katika michezo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mtu wa kwanza kuuliza swali lile katika jengo lile, baada ya miaka arobaini ya kimya, alikuwa Noreen Haigh.

Baada ya siku ya kahawa, sauti zilianza. Ndani ya kuta za Ushirika yalipita mabomba ya shaba ambayo zamani yalisafirisha pesa ndani ya vikopo, kwa nguvu ya hewa, hadi kwa karani wa ghorofani. Mabomba hayo yalikatwa na kuuzwa kama shaba chakavu. Noreen aliyaona yakipakiwa garini kwa macho yake. Jumatano iliyofuata, alipokuwa akikunja blanketi, alisikia upande wa kushoto wa ukuta mvumo mrefu, *fyuuu*, ukipanda, ukipinda, ukitua juu ya dari kwa kishindo kidogo cha kopo. Halafu kimya. Halafu ukarudi.

Asubuhi yake alimwuliza Beverley.

"Maji tu, mama. Au panya wenye pesa." Beverley alitega sikio hata hivyo, maana hakuwa mtu mbaya. Mvumo ulipita juu ya vichwa vyao wakati huo huo, waziwazi kama gari moshi. "Sisikii kitu," alisema. "Noreen, wewe unalala kweli?"

Beverley alihamia Skelbeck akiwa mtu mzima. Hakuwa na namba.

Na Clifford akaanza kupungua. Daktari alikuwa ametabiri hivyo, kwa hiyo Noreen hakushangaa mwanzoni. Alichoshangaa ni mpangilio wake. Kila alipotoka mchezoni alikuwa amepata kitu cha kale, bei ya vifungo, jina la farasi wa muuza maziwa, na amepoteza kitu cha karibuni. Alimpoteza mjukuu. Alimpoteza binti yao Janine, aliyekuwa Leeds, na binti huyo alipopiga simu, Clifford akamwita "bibi mheshimiwa". Kisha, asubuhi moja, aliiweka chini chai aliyopewa, akamtazama mkewe kwa upole wa kutisha.

"Samahani, dada. Mama yangu anajua kwamba niko hapa?"

Walioana mwaka wa sabini na tano. Katika mtaa ule aliokuwa akiurudia, Noreen hakuwa amezaliwa moyoni mwake.

Noreen alipoacha mchezo, mchezo haukumwacha Clifford. Mtu ambaye Noreen alimweleza haya alikuwa Shazia Mahmood, aliyeuza vitambaa ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa duka la viatu. Alimweleza huku akijifanya anachagua bitana, na aliposema habari ya swali na namba, mkono wa Shazia ulisimama juu ya mkasi.

"Dada Noreen, ami yangu hapiti mbele ya jengo lile. Huzunguka nyuma, na miguu yake ile. Tukimwuliza, anasema anaitwa."

"Na nani?"

Shazia alipunguza sauti, ingawa dukani hapakuwa na mtu. "Kuna viumbe hukaa mahali palipoachwa. Sisi tunasema jini. Ukikaa naye kimya, yupo tu. Lakini ninyi mlimpa kazi. Mlimfundisha kuuliza."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu, Shazia."

"Najua. Ulinifelisha." Shazia alijaribu kucheka. "Ufunguo uko wapi sasa?"

Ulikuwa umetundikwa jikoni, Noreen alijibu, na alipokuwa akilisema neno hilo alikumbuka kwamba ilikuwa Jumatano.

Alipofika nyumbani msumari ulikuwa mtupu. Mlango wa Ushirika ulikuwa wazi kidogo. Saa ilikuwa inakaribia kumi jioni, na giza la Novemba lilikuwa limeshuka hadi kwenye taa za barabara. Clifford alikuwa amesimama nyuma kabisa ya duka, ameuelekea ukuta uliojengwa kuziba ukumbi wa zamani wa vyakula, mikono ikiwa imeshika kikapu ambacho hakikuwepo. Noreen alimvuta. Beverley, aliyekimbia kutoka kituo cha basi baada ya kupigiwa simu, alimvuta pamoja naye. Mtu aliyekuwa na uzito wa kuku hakutikisika, kana kwamba visigino vyake vilijengewa ndani ya sakafu. Ngozi yake ilikuwa baridi kama marumaru ya kukatia siagi, na pumzi yake ilikuja mara moja, ikakawia, ikaja tena.

"Cliff, acha mzaha, babu wewe," Beverley alinong'ona. Alitoka nje kuita gari la wagonjwa, akarudi na uso mweupe. "Wanasema tungoje masaa matatu. Labda manne. Niwaambie nini, Noreen? Niwaambie amegandia wapi?"

"Waambie yuko kwenye foleni," alisema Noreen, kwa sababu sasa alikuwa akiiona.

Aliiona kwa pembe ya jicho, jinsi mtu anavyoona vumbi ndani ya mwanga: mabega, skafu, migongo iliyolowa, wote wakiwa wameuelekea ukuta na hakuna hata mmoja aliyegeuka, watu wa Skelbeck waliokwisha kufa na wengine ambao alijua hakika kwamba wako hai, wamelala nyumbani kwao au wameketi mbele ya televisheni huku sehemu yao fulani ikisimama hapa, kwa maana si yeye peke yake aliyekuwa akiutembea mtaa ule kwa maneno, mji mzima ulifanya hivyo, kwenye vilabu, kwenye mazishi, chini ya picha za zamani zinazosambazwa kwenye simu, kila mtu akitaja jina moja na mwingine akiongeza la pili, wakiliita kila siku jambo lililokuwa limelala.

Shazia aliingia na ami yake. Hafidh Bashir alikuwa na umri wa miaka themanini, kofia nyeupe, mkongojo, na koti zito kuukuu. Alikuja Skelbeck kijana, akafanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha sufu hadi kilipofungwa, na tangu hapo watu wake walimletea watoto wasiolala na wanawake wanaolia bila sababu. Hakuuliza chochote. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Clifford, akaanza kusoma Kurani kwa sauti ya chini iliyonyooka.

Harufu ya kahawa ilikatika. Mvumo ukutani ulisimama katikati ya safari. Clifford alivuta pumzi ndefu, na kisigino chake kimoja kikanyanyuka, na Noreen alikuwa tayari ameanza kulia kwa shukrani pale sauti iliposema kutoka upande wa pili wa matofali, kwa uungwana mkubwa:

"Anayefuata. Wewe bwana, hapo nyuma. Tafadhali njoo mbele."

Mzee alinyamaza.

"Ami," alisema Shazia. "Ami, soma."

"Nilikuwa nasimama hapa," Hafidh Bashir alisema, na hakuwa akizungumza na yeyote kati yao. "Mwaka wa sitini na tatu. Wakija wengine baada yangu, wanahudumiwa wao kwanza. Kila Ijumaa. Mpaka kaunta iwe tupu ndipo wanione." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Leo ananiita mbele."

"Namba, bwana?"

"Mama mwenye nyumba alituruhusu tutumie yake," alisema mzee kwa sauti ya kijana. "Ni mbili…"

Shazia alimziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akamburuta kinyumenyume hadi barabarani, huku mkongojo ukianguka na Beverley, ambaye hakuwa amesikia lolote isipokuwa mzee kuacha kusoma, akiwafungulia mlango na kuuliza kuna nini, jamani, kuna nini. Mlango ukajifunga nyuma yao.

Noreen alibaki. Alimshika mumewe mkono. Mbele ya Clifford sasa palikuwa na mgongo mmoja tu, kisha mgongo huo ukasogea kando, na pale palipokuwa na matofali palikuwa na kaunta ya mti mwekundu, mizani ya shaba, na nyuma yake mtu aliyevaa kitambaa cheupe kiunoni ambaye uso wake haukutulia, ukiwa wa mwanamke huyu na yule kama sura ndani ya maji yanayotikiswa. Lakini sauti yake haikubadilika, na alipoinama kumwelekea Clifford na kuuliza, "Namba ya mama, mpenzi?", Noreen aliitambua kila herufi yake, namna irabu zilivyovutwa, namna neno la mwisho lilivyoshushwa. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Clifford alifungua mdomo. Noreen alielewa, kwa uwazi uleule uliomjia zamani mbele ya ubao, kilichokuwa kikifanyika: duka lile lilipokea namba na kuchukua gawio, na mtu huyu alikuwa amekwisha kutoa mjukuu, binti na mke, na hakubakiwa na la kutoa ila pumzi.

"Ngoja," alisema.

Sura iliyotikisika ikamgeukia.

Palikuwa na desturi moja, na asingeijua mtu asiyekulia katika mitaa ile. Jirani akiwa mgonjwa, au akiwa hana kitu, wewe mtoto uliyetumwa dukani uliweza kuchukua bidhaa zake juu ya namba ya kwenu. Karani hakuwa na ruhusa ya kukataa. Ulisema maneno fulani tu, na Noreen aliyasema sasa.

"Za huyu, weka juu ya yetu."

Kisha yule wa kaunta akachovya kalamu.

"Namba ya mama, mpenzi?"

Alimtazama Clifford, midomo yake iliyokuwa ya buluu, jino lake lililokatika walipokuwa kwenye fungate kule Scarborough, jambo ambalo sasa alilikumbuka peke yake.

"Tano," alisema. "Moja."

Ile Jumamosi iliondoka kabla hajamaliza kutamka. Alijua kwamba palikuwa na siku, lakini haikuwa na mwanga wala watu, na glavu aliyoishika ilikuwa glavu tu, haina mkono ndani yake. Vidole vya Clifford vilitikisika kati ya vidole vyake.

"Nane."

Sauti ikaenda, ile sauti iliyomfundisha namba yenyewe, na akajikuta akiitaja kwa kufuata mdomo usiotoa neno. Clifford alikohoa. Visigino vyake vyote viwili viliachia sakafu, akayumba, akamwegemea kwa uzito wake halisi, uzito mwepesi wa mzee anayependwa, na akamgeuzia uso uliokuwa na damu ndani yake.

"Noreen," alisema. "Mke wangu, mbona unalia? Tuko wapi humu? Janine amepiga simu?"

Alimkumbatia. Kwa muda mfupi aliamini kwamba ilitosha, kwamba angeweza kumtoa nje hivyo hivyo akiwa amelipa robo tatu, kwani hata Ushirika uliwahi kukopesha. Lakini aliponyamaza, aliusikia mkono wa mumewe ukianza kupoa ndani ya wake, kuanzia kuchani, na macho yake yakaanza tena kumtazama kwa upole ule.

Nyuma ya kaunta kalamu ilingoja. Ulikuwa umebaki uso. Mwanamke mwenye kofia ya kijani alikuwa ameinama, nywele moja imemponyoka sikioni, na alikuwa karibu kutabasamu. Noreen aliukazia macho, kila mstari, kwa muda ambao mkono ule ulimruhusu, akaomba msamaha kimoyomoyo, akataja tarakimu ya mwisho.

"Sita."